Baridi ya friza haiui bakteria: Siri ya kuhifadhi maharagwe na githeri ya wiki nzima

JUMAMOSI asubuhi, katika mitaa mingi ya Nairobi, harufu inayotawala kwenye ngazi za majumba ya orofa ni ya maharagwe yanayochemka. Kina mama, pamoja na vijana wanaoishi peke yao, hutumia siku hiyo moja kuchemsha maharagwe, ndengu na githeri ya wiki nzima, kisha wakaigawa na kuitia katika friza.

Sababu si uvivu. Maharagwe makavu aghalabu huhitaji saa mbili au zaidi motoni, na mtu anayefika nyumbani saa mbili usiku hawezi kuanza kuyachemsha ilhali watoto wanasinzia. Aidha, gesi inayotumika kuchemsha sufuria moja kubwa ni kidogo ikilinganishwa na ile inayoteketea kwa sufuria ndogo kila jioni.

Hata hivyo, wengi huitazama friza kana kwamba hutakasa chakula. Ukweli ni kuwa baridi haiui bakteria wengi, huwalaza tu. Walioingia Jumamosi wakiwa hai huamka Alhamisi pindi barafu inapoyeyuka. Kwa hivyo, usalama wa mlo huamuliwa kabla haujagandishwa, na tena siku unapotolewa.

Kazi huanza usiku wa kuamkia siku ya mapishi, kwa kuroweka maharagwe na kuyamwaga maji hayo asubuhi. Maharagwe, hasa yale mekundu, yana sumu ya kiasili inayosababisha kutapika na kuhara. Sumu hiyo huharibika maji yanapotokota kwelikweli kwa dakika 10 au zaidi, wala si kwa moto hafifu. Anayeyabandika juu ya makaa yaliyofifia tangu mwanzo anaweza kupata maharagwe laini ambayo bado yana madhara. Nayo mahindi yaliyoota ukungu hayafai kuingia chunguni hata kidogo, maadamu sumu ya aflatoksini haiondolewi kwa kuchemsha wala kugandisha. Mnamo 2004, watu 125 walifariki mashariki mwa Kenya kutokana na mahindi yaliyokuwa na sumu hiyo.

Baada ya chakula kuiva ndipo makosa makubwa hutendeka. Sufuria hufunikwa, ikaachwa juu ya jiko hadi asubuhi "ipoe vizuri". Kuna bakteria ambao mbegu zao hustahimili kuchemshwa, na joto la kati ya nyuzi 5 na 60 ndilo linalowafaa kuchipuka na kuzaana. Sufuria ya lita 10 iliyofunikwa hukaa katika joto hilo kwa saa nyingi, kwa kuwa maharagwe ya katikati hushika moto muda mrefu baada ya ukingo kupoa. Baadhi ya sumu zinazoachwa na bakteria hao hazitoki hata chakula kikichemshwa upya.

Dawa yake ni rahisi. Maharagwe yamiminwe katika sinia au vyombo vipana, yasizidi kina cha vidole vitatu, na vyombo hivyo viwekwe ndani ya karai la maji baridi huku yakikorogwa. Yanapaswa kuwa yamepoa na kuingia katika jokofu kabla ya saa mbili kupita. Kuitia friza sufuria ingali inafuka mvuke ni kosa jingine, kwani huipasha joto nyama iliyo kando yake.

Kila chombo kichukue mlo mmoja tu wa jamaa, pamoja na mchuzi kidogo wa maharagwe yenyewe ili yasikauke. Nafasi ya upana wa kidole iachwe chini ya kifuniko kwa sababu maji yakiganda hufura. Tarehe iandikwe, kwani baada ya mwezi mmoja ndengu na kamande zilizoganda hufanana kama mapacha. Viazi visigandishwe ndani ya githeri. Vikiyeyuka huwa majimaji na chengachenga, hivyo ni heri vitiwe siku ya kukaanga.

Friza yenye baridi ya nyuzi 18 chini ya sufuri huhifadhi ladha ya maharagwe kwa takriban miezi mitatu. Kile kijisanduku cha barafu kilicho ndani ya jokofu dogo la mlango mmoja mara nyingi hakifikii baridi hiyo, na chakula chake kiliwe mapema.

Kisha kuna suala la stima. Usiku wa Agosti 25, 2023, sehemu kubwa ya Kenya ilitumbukia gizani, na baadhi ya maeneo yalikaa bila umeme hadi siku iliyofuata. Friza iliyojaa hudumisha baridi kwa takriban saa 48 ikiwa mlango haukufunguliwa. Iliyojaa nusu, saa 24. Kila anayeifungua "kuchungulia tu" hupunguza muda huo.

Kwa anayesafiri, kikombe cha maji kigandishwe, na sarafu iwekwe juu ya barafu. Akirudi akute sarafu imezama chini, atajua kwamba kila kitu kiliyeyuka kikaganda tena, hata kama sasa ni kigumu kama jiwe. Chakula hicho kitupwe, ingawa inauma. Kilichoyeyuka kiasi na kingali na chembe za barafu chaweza kupikwa mara moja.

Siku ya kula, donge la maharagwe halihitaji kuachwa mezani kutwa nzima. Kitunguu na nyanya zikishaiva, litiwe moja kwa moja katika sufuria, lifunikwe, lichemke hadi katikati. Kitakachobaki sahanini kisirudishwe katika friza.