Kijani Kisichoonekana

Ndege ya mfano ya Corsair, iliyopunguzwa mara 48, ina chumba cha rubani kisichozidi kiberiti kwa ukubwa. Ukishagandisha nusu mbili za kiwiliwili na kubandika kioo cha juu, kinachobaki kuonekana ni kichwa cha kiti, vipande vya mikanda na giza. Hata hivyo fundi niliyemkuta mezani kwake kusini mwa Uingereza, mzee wa Kitanzania aliyeomba nisimtaje jina, alikuwa amechanganya na kumwaga rangi za chumba hicho kwa majuma. Kila moja aliipaka kwenye kadi, akaibeba hadi dirishani, akaitazama, akatikisa kichwa. Swali likanikaa rohoni: kwa nini mtu ateseke hivyo kwa kijani ambacho hakuna atakayekiona?

Mzee hakujibu moja kwa moja. Alianza na bahari. Alumini haishiki kutu kama chuma, alisema, lakini hewa ya chumvi huila vilevile, polepole, kuanzia kwenye viungo na matundu ya ribiti. Corsair ilikuwa ndege ya kivita ya Marekani ya kutua juu ya meli. Ndiyo maana viwanda vya Marekani, tangu miaka ya 1930, vilipaka mabati ya ndege za kivita praima, yaani rangi ya chini ya kukinga bati, ya zinki kromati. Praima hiyo kwa asili ni ya njano, njano kali yenye uchachu wa ndimu mbichi.

Basi kijani kilitoka wapi? Hapa Mzee alivuta kisahani cheupe. Akadondosha njano. Akachovya ncha ya kijiti kwenye rangi nyeusi, akaigusisha katikati na kuanza kukoroga. Njano ikafifia, ikawa kama haradali iliyochacha, kisha, bila tone lolote la kijani wala buluu kuingia, kijani kikazaliwa pale mbele ya macho yangu. Akagusa tena kwa nyeusi: kikakolea kama jani la mwembe. Akagusa mara ya tatu, kikaelekea zeituni. Hivyo ndivyo walivyofanya viwandani, alisema. Nyeusi ilipunguza mng'ao uliokuwa ukimpiga rubani machoni, ikasaidia kukinga praima dhidi ya jua, na pia ikamwezesha mpakaji kuona koti la pili limefika wapi juu ya koti la kwanza la njano. Kijani hicho hakikuchaguliwa na mtu kwa uzuri wake. Kilitokana na kazi.

Na kama kilitokana na kazi, Mzee anasisitiza, lazima kilitofautiana kama kazi yoyote ya mikono. Serikali ya Marekani iliweka kipimo, kikaitwa ANA 611, kijani cha ndani. Baada ya Vita Kuu ya Pili kikaingia katika mpangilio wa rangi wa FS 595 kwa namba 34151: ile 3 ya mwanzo ni ya rangi isiyong'aa, na 4 ni kundi la kijani. Wauza rangi za mifano huandika namba hiyo kwenye kichupa, na mnunuzi hudhani amemaliza safari. Kumbe Corsair ilitengenezwa na makampuni matatu, Vought, Goodyear na Brewster, na za mwanzo za Vought zilipakwa ndani praima yenye wekundu wa samaki aina ya salmoni, kwa sababu kromati ilichanganywa na oksaidi ya chuma. Chumba cha rubani cha P-47, ndege nyingine ya kivita ya Marekani, kilikuwa na kijani kingine kabisa, kizito, cha kuzubaa. Kwa Mzee, namba ni shabaha iliyolengwa. Yeye anatafuta mahali risasi ilipotua.

Shahidi anayemwamini zaidi ni ndege halisi, Corsair KD431, iliyotengenezwa na Goodyear mwaka 1944 na kukabidhiwa Jeshi la Majini la Uingereza. Mwaka 1963, ilipofika kwenye jumba la makumbusho la Yeovilton, ilipakwa rangi mpya ipendeze machoni pa watazamaji. Karibu miaka 40 baadaye, David Morris na wenzake wa makumbusho hayo waliamua kuiondoa rangi hiyo kwa mikono, kidogokidogo, mpaka rangi ya 1944 ikatokea chini yake. Mzee huizungumzia kazi hiyo kwa sauti anayoitumia mtu akimtaja marehemu aliyempenda. Kwake, walioipaka mwaka 1963 hawakuwa na nia mbaya. Walitaka kuipendezesha tu, na wangeweza kufuta kila kitu.

Lakini hata shahidi huzeeka. Nilimuuliza: rangi iliyokaa gizani miaka 80 ni ileile iliyotoka kwenye bomba la mpakaji? Akanyamaza kitambo. Rangi za mafuta hugeuka njano zikikaa gizani, alikiri, na juani hupauka. Rangi mbili zinazofanana mchana zinaweza kutengana chini ya taa. Picha za zamani nazo hazimwokoi, maana filamu nyingi za wakati ule zilipotosha njano na nyekundu. Kisha ukubwa wenyewe: kijani sahihi kabisa, kikiwekwa ndani ya kichumba kidogo, hugeuka karibu cheusi, ikabidi aongeze nyeupe. Je, bado ni rangi ya kweli akishaongeza? Hakunijibu, na mimi sina jibu la kumpa.

Kazi inayofuata mezani kwake ni Martlet, ndege ya Grumman. Manowari za Uingereza zilizobeba Martlet zilitia nanga Kilindini mwaka 1942, na ndege za wanamaji wa Uingereza zilitumia viwanja vya Port Reitz, ambako sasa ni uwanja wa Moi, Mombasa, na Tanga pia. Ndiyo maana Mzee ameniomba nifikishe ujumbe huu kwa watu wa pwani, nami naufikisha kwa moyo wote. Ukiwa na kipande cha bati la ndege ya vita ile, kifuniko cha pipa au kiraka cha paa, chenye njano au kijani upande wa ndani, usikipige msasa. Vumbi la kromati husababisha saratani. Usikipake rangi mpya pia. Kifunike, kipige picha mchana, na uwaite watu wa makumbusho wakione kabla muuza chuma chakavu hajapita.