Maji safi huchafukia nyumbani

Mara nyingi tunamsikia mama akiuliza: "Sisi tunakunywa maji ya bomba, mbona mtoto anaharisha?" Jibu ni kwamba maji yanaweza kutoka salama bombani, kisha yakachafuka njiani au ndani ya nyumba.

Maji ya bomba hutiwa klorini ili kuua vijidudu, na kiasi kidogo hubaki kuyalinda. Lakini ulinzi huo haudumu. Ndoo ikikaa wazi, klorini hupotea hewani. Ndoo ikiwa na utelezi, klorini huishia kwenye uchafu huo. Halafu mtoto huchota kwa kikombe, vidole vikazama ndani. Kuhara, homa ya matumbo na kipindupindu hupitia hapo.

Wengi wetu vijijini Bukoba na Muleba tunateka kwenye chemchemi au tunakinga mvua, na ndugu zetu wa mialoni na visiwani wanateka ziwani. Maji hayo hayana klorini kabisa, hivyo yanahitaji uangalifu zaidi. Tufanye hivi:

1. Maji yenye tope yaachwe yatulie, kisha yachujwe kwa kitambaa safi kizito.

2. Tuyachemshe mpaka yatokote kwa nguvu, dakika 1. Penye mwinuko wa zaidi ya mita 2,000 ndipo zinatakiwa dakika 3. Kwetu hatufiki huko. Hivyo hakuna haja ya kumaliza kuni.

3. Kuni zikikosekana, tutumie vidonge vya kusafisha maji kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti, na tusubiri dakika 30. Au tujaze maji maang'avu katika chupa za plastiki zisizo na rangi, zisizozidi lita 2, tuzilaze juani saa 6. Siku za mawingu, siku 2 mfululizo.

4. Tuyahifadhi katika dumu la mdomo mwembamba au ndoo yenye koki na kifuniko. Tumimine, tusichovye. Chombo kioshwe kwa sabuni kila wiki.

Tukumbuke kuwa maji yaliyochemshwa hayana kinga yoyote. Mkono mmoja mchafu unatosha kuyaharibu.

Tahadhari kwa wa ziwani: maji yakiwa na utando wa kijani, tusiyanywe hata yakichemshwa. Kuchemsha huua vijidudu, hakuondoi sumu ya utando huo.

Mtoto akiharisha, tumpe maji ya chumvichumvi, pakiti moja kwa lita 1 ya maji salama, na aendelee kunyonya. Akishindwa kunywa, akilegea, macho yakididimia au choo kikiwa na damu, tumkimbize zahanati siku hiyo hiyo. Mtoto mdogo hukaukiwa maji upesi.

Basi leo jioni, kabla ya kulala, kila mmoja wetu aangalie ndoo yake ya maji ya kunywa: je, imefunikwa?