Itikadi Hushika Penye Mlango wa Kazi

Confucius alifariki mwaka 479 KK bila kumpata mtawala wa kuyafuata mafundisho yake. Zaidi ya miaka 300 baadaye yakawa itikadi ya dola ya China. Wengi husema ni kwa hekima yake. Naiheshimu hekima hiyo, lakini kilichoyapandisha hasa ni ajira.

Mwaka 136 KK Mfalme Wu wa nasaba ya Han aliweka walimu rasmi wa vitabu vitano vikuu vya Wakonfusio. Mwaka 124 KK akafungua chuo cha vijana 50, na aliyefaulu mtihani alipewa kazi serikalini. Wu mwenyewe hakuacha mkono wa chuma: alihodhi biashara ya chumvi na ya chuma, na mwaka 81 KK, yeye akiwa ameshafariki, wasomi wa Confucius waliipinga sera hiyo mbele ya serikali. Hawakushinda moja kwa moja, ila mlango wa ofisi ulishakuwa wao. Katika karne ya 2 BK chuo kilihesabiwa kuwa na wanafunzi 30,000.

Sisi wa Tabora jambo hili tumeliona kwa macho. Enzi za misafara ya kwenda Ujiji, madaraka Unyamwezini yalikuwa ya watemi, na utemi ulifuata ukoo. Waingereza walipofungua shule ya serikali Tabora katika miaka ya 1920, walilenga watoto wa watemi, wawatumie katika utawala wao. Nyerere alisoma hapo, akatoka na mawazo mengine. Mwaka 1963 mamlaka ya watemi yakafutwa kisheria, na mwaka huohuo Abdallah Fundikira, mtemi wa Unyanyembe, akajiuzulu uwaziri.

Ujamaa wa Nyerere ulikuwa kijitabu mwaka 1962. Azimio la Arusha la 1967 liliufanya siasa ya nchi, likamkataza kiongozi kuwa na hisa, mishahara miwili au nyumba ya kupangisha. Bado hayo yalikuwa maneno na miiko. Uzito ulikuja darasani: Siasa ikawa somo lenye mtihani, na baada ya Azimio la Musoma la 1974, kijana wa kidato cha sita hakwenda chuo kikuu moja kwa moja. Alifanya kazi kwanza, kisha akahitaji kupendekezwa na mwajiri na tawi la chama. Hapo ndipo tulipofanana na Han.

Tulitofautiana vijijini. Heshima kwa wazazi na wahenga ilikuwa ndani ya nyumba za Wachina kabla ya Mfalme Wu, na mitihani ya kuingia serikalini ilipofutwa mwaka 1905, heshima hiyo haikutoweka. Vijiji vyetu vingi viliundwa kwa Operesheni Vijiji, watu wakahamishwa kwa amri, na mimi nasema wazi kwamba amri hiyo iliuumiza Ujamaa kuliko adui yeyote.

Vyama vingi viliporudi mwaka 1992, barua ya tawi ilipoteza nguvu na Siasa ikawa Uraia. Ibara ya 9 ya Katiba bado inataja Ujamaa na Kujitegemea. Hata hivyo, kilichodumu zaidi ni muundo wa kijiji uliowekwa na sheria ya 1975: mkutano mkuu na halmashauri ya kijiji, ambayo hadi leo, katika vijiji vya Uyui vinavyosimamiwa kutoka Isikizya, ndiyo inayogawa ardhi.