Kanuni ya theluthi: Ifuatwe lini, ivunjwe lini?

Mpiga picha za mandhari anayefika Kisondela, wilayani Rungwe, mkoani Mbeya, hukabiliwa na swali moja kabla ya kubonyeza kamera: upeo wa macho uwekwe wapi?

Jibu la kawaida ni kanuni ya theluthi, ambayo jina lake lilitajwa na msanii wa Uingereza, John Thomas Smith, katika kitabu chake cha mwaka 1797. Picha hugawanywa sehemu tatu zilizo sawa, kwa wima na kwa ulalo, na jambo kuu hukaa kwenye mistari hiyo badala ya katikati.

Wilayani Rungwe kanuni hiyo husaidia sana. Mlima Rungwe, wenye urefu wa takriban mita 2,960, ukiwekwa theluthi ya juu, migomba na mashamba ya chai hupata nafasi, na mtazamaji huona jinsi mlima wa volkano unavyohusiana na rutuba iliyo chini yake. Mawingu yakivutia zaidi, ardhi hushushwa theluthi ya chini.

Hata hivyo, Ziwa Masoko, lililomo katika shimo la volkano, hudai vinginevyo. Maji yakitulia na kuakisi miti, ukingo wa ziwa hufaa kukaa katikati, kwani nusu zote mbili zina uzito sawa. Kuusogeza ni kuikata taswira iliyomsimamisha mpiga picha. Vivyo hivyo, ukungu ukiufunika mlima, mgomba mmoja waweza kusimama katikati peke yake.

Kwa hiyo, kanuni huvunjwa pale mandhari yenyewe inapotoa sababu. Asiyeweza kuitaja sababu hiyo ni heri aifuate.