Mali Bila Daftari: Mitandao ya Kijamii na Ujifunzaji katika Vyama vya Wataalamu wa Kiswahili

Utangulizi

Chama cha wataalamu huundwa ili ujuzi wa mmoja uwe ujuzi wa wengi. Kwa muda mrefu njia za kutimiza kusudi hilo zilikuwa tatu: kongamano, jarida, na barua baina ya wanachama. Katika miaka ya karibuni imeongezeka njia ya nne, nayo ni mitandao ya kijamii, hasa makundi ya WhatsApp, Telegram na Facebook. Makala haya yanakusudia kueleza namna njia hiyo inavyoweza kutumiwa kwa kujifunza katika vyama vya wataalamu wa Kiswahili, na kuonyesha kwamba kasoro yake kubwa si uhaba wa mazungumzo bali ni ukosefu wa kumbukumbu.

Kutoka Barua hadi Kundi

Wataalamu wa Kiswahili hawakuanza leo kujadiliana wakiwa mbalimbali. Kamati iliyoundwa mwaka 1930 kwa ajili ya kusanifisha lugha hii katika Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar ilihudumia nchi nne, na taarifa iliyoichapisha ndiyo iliyokua ikawa jarida ambalo hatimaye lilipewa jina la Kiswahili. Utaratibu huo wa maandishi ulikwenda polepole, lakini ulikuwa na fadhila moja: kilichosemwa kilibaki. Mtafiti wa leo anaweza kufungua toleo kuukuu na kuona hoja ilivyotolewa, ilivyopingwa na ilivyoishia.

Vyama vya leo vina wanachama waliotawanyika zaidi. Chama cha Kiswahili cha Taifa (CHAKITA) kilianzishwa nchini Kenya mwaka 1998. Chama cha Ukuzaji wa Kiswahili Duniani (CHAUKIDU), kilichoanzishwa mwaka 2012, kina wanachama katika mabara kadhaa. Kwa watu kama hao kundi la simu ni neema. Kundi moja la WhatsApp, ambalo mwaka 2016 liliweza kuchukua watu 256, tangu mwaka 2022 laweza kuchukua watu 1,024. Mwalimu wa Lodwar na mhadhiri wa Ulaya husoma swali lile lile kwa dakika ile ile, na hakuna anayelipa nauli.

Swali Linavyopotea

Hata hivyo, kupashana habari si kujifunza. Mfano ufuatao, ingawa ni wa kubuni, hautakuwa mgeni kwa yeyote aliyewahi kuwa katika kundi la namna hiyo. Mwalimu wa shule ya upili anauliza jioni tofauti iliyopo baina ya mzizi na shina, maana kesho yake atafundisha neno wanasomeshwa. Kwamba mzizi ni -som- hakuna anayebisha. Mhadhiri mmoja anajibu kwamba shina ni -someshw-, kwa kuwa shina ni mzizi pamoja na viambishi vya unyambuaji. Wa pili anasema shina halikamiliki bila irabu ya mwisho, kwa hiyo ni -someshwa. Wa tatu anahoji iwapo kiambishi cha kutendwa kihesabiwe pamoja na vile vya unyambuaji au kitengwe. Hapo mjadala umeanza kunoga, kwani umegusa jambo ambalo vitabu vya sarufi havikubaliani.

Ghafla inaingia taarifa ya msiba. Kama ilivyo ada, kila mmoja anaandika pole, na hakuna awezaye kulaumiwa kwa hilo, maana utu hutangulia sarufi. Zinafuata ahadi za michango, kisha tangazo la harusi, kisha pongezi kwa aliyehitimu uzamifu. Kufikia asubuhi ujumbe wa mwalimu umefunikwa na jumbe themanini. Anaingia darasani na kitabu kile kile kilichomtatiza.

Hasara haiishii kwake. Mwaka unaofuata mwalimu mwingine atauliza swali lilo hilo, na wahadhiri watatu ama watarudia majibu yao, ama watanyamaza kwa kuchoka. Tena, katika WhatsApp mwanachama anayeingia leo hawezi kusoma mijadala ya mwaka uliopita. Na kundi likiwa limeweka utaratibu wa jumbe kutoweka zenyewe, hata wa zamani hubakiwa na mazungumzo ya saa 24, siku 7 au siku 90 tu. Jumbe za sauti, zilizokuwako tangu mwaka 2013, zina uhai wa mazungumzo ya ana kwa ana, lakini ni vigumu kuzipekua kutafuta neno moja. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Ujuzi ndiyo mali ya chama, na kundi lisilo na daftari huipoteza kila siku pasipo mtu kutambua.

Walio Kimya

Jambo la pili linalohitaji kufafanuliwa ni ukimya wa wanachama wengi. Wasimamizi huudhika wanapoona watu mia tano wanasoma na kumi tu ndio wanaoandika. Yafaa hapa kukumbuka hoja ya Jean Lave na Etienne Wenger katika kitabu chao cha mwaka 1991. Walieleza, miongoni mwa mifano mingine, jinsi wanagenzi wa ushonaji miongoni mwa Wavai na Wagola wa Liberia wanavyojifunza: huanza na kazi za kumalizia nguo, kama vile kutia vifungo, kisha hushona, na mwishowe ndipo hukata kitambaa. Mwanagenzi aliye pembeni hakai bure. Anatazama nguo nzima inavyoundwa, na kazi ndogo aliyopewa ni sehemu ya kazi kubwa.

Kwa mujibu wa hoja hiyo, anayesoma kimya kundini naye anajifunza. Lakini kuna ukimya wa namna nyingine. Mhadhiri kijana huona haya kumsahihisha profesa aliyemfundisha, hasa mbele ya watu mia tano. Mwalimu wa shule huogopa kwamba swali lake litamwonyesha mjinga. Huu si ukimya wa mwanagenzi anayetazama, bali ni wa mtu aliyenyimwa sindano. Chama kinachotaka kufundisha hakina budi kuwapa watu hawa kazi ya kuanzia: kukusanya mifano ya matumizi kutoka magazetini, au kuorodhesha fasili zilizomo katika vitabu vya shule. Kazi hiyo haimpingi mkubwa yeyote, na bado ni utafiti.

Utaratibu Unaofaa

Dawa ya kasoro hizi haipatikani katika chombo chenyewe, bali katika desturi ambayo chama kitajiwekea. Kwanza, rambirambi, pongezi na michango zipewe kundi lake, ili mambo ya utu yasigombane na mambo ya taaluma. Pili, kila juma liwe na swali moja lililotangazwa mapema, lenye mipaka, na lenye siku ya kufungwa. Tatu, kila anayejibu ataje ushahidi wake: matumizi aliyoyasikia na mahali alipoyasikia, au kanuni anayoitegemea. Nne, na hili ndilo la msingi, ateuliwe katibu wa mjadala ambaye swali likifungwa ataandika muhtasari wa ukurasa mmoja.

Muhtasari huo usilazimishe makubaliano. Katika suala la shina, kwa mfano, waweza kueleza misimamo yote mitatu na sababu zake. Vivyo hivyo katika istilahi: Wakenya wengi huandika tarakilishi na rununu, ilhali Watanzania huelekea zaidi kompyuta na simu ya mkononi, kuonyesha nani hutumia nini kuna faida kuliko kutangaza mshindi. Muhtasari uwekwe katika tovuti ya chama, na ulio bora ukuzwe uwe makala ya jarida.

Pana tahadhari mbili. Kazi ya katibu ni nzito na aghalabu haionekani. Chama kiitambue kwa kumtaja jina, na izungushwe baina ya wanachama, vijana wakiwamo. Pia mazungumzo ya kundi yana majina na nambari za simu za watu, na Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Hakuna anayestahili kunukuliwa kwa jina pasipo ridhaa yake.

Hitimisho

Mitandao ya kijamii haitachukua nafasi ya kongamano wala ya jarida. Iko kati ya hayo mawili: ina wepesi wa baraza, na ikitunzwa yaweza kulilisha jarida. Isipotunzwa, vyama vitakuwa na mazungumzo mengi kuliko wakati wowote uliopita, na vizazi vijavyo vitarithi machache kuliko yale yaliyoachwa na watu waliongoja barua kwa majuma. Katibu mmoja na ukurasa mmoja kwa juma vyatosha kuanza, na mwalimu atakayeuliza habari za shina mwakani atapata pa kusoma.