Kuipunguzia Nyumba Mzigo

Leo twawaomba mtazame mahali ambapo mgeni haonyeshwi: chini ya kitanda, nyuma ya mlango, na juu ya kabati. Huko ndiko tulikoanzia sisi, wala hatukuanza kwa hiari yetu.

Mama yetu alipokuja kukaa nasi kutoka mashambani, macho yake yalikuwa yamekwisha kufifia. Nyumba yetu ni ya vyumba viwili na jikoni. Siku ya tatu asubuhi tuliona mguu wake umevimba, na ngozi ya muundi imechubuka. Tulipomwuliza alijibu, "Si kitu, wanangu, nimejigonga tu." Alikuwa amejigonga usiku, akienda msalani, kwenye televisheni ya kale tuliyoiweka sakafuni kando ya ukuta. Televisheni hiyo haikuonyesha picha tangu mwaka 2015, Kenya ilipozima mitambo ya zamani na kuingia ya dijitali. Miaka yote hiyo tulikuwa tukiipisha, kama mtu ampishavyo mzee njiani!

Basi tulikaa tukahesabu. Palikuwa na katoni mbili za vitabu vya darasa la nane, na mtihani wa mwisho wa K.C.P.E. ulifanywa mwaka 2023. Palikuwa na mifuko ya plastiki iliyokunjwa vizuri, ile iliyopigwa marufuku na serikali tangu Agosti 28, 2017. Palikuwa na sufuria mbili zilizotoboka, mwavuli wenye mbavu tu, na chupa za dawa ambazo hatukukumbuka zilikuwa za ugonjwa gani.

Hatusemi haya ili kuwacheka watu. Wengi wetu tumelelewa katika uhaba, na mtu wa namna hiyo hatupi kitu ovyo. Debe la mafuta huwa ndoo, na gunia huwa zulia. Hiyo ni akili, tena tunaisifu. Lakini kuna kitu kinachongoja kazi, na kuna kitu kinachongoja tu.

Na vitu hivyo haviketi bure. Katoni ni makao mazuri ya mende, na nguo zilizorundikwa kwenye misumari huwapa mbu kivuli cha kupumzikia mchana. Kunguni naye aweza kukaa miezi mingi bila kula, akingoja katika nyufa za kitanda. Ukitaka kumwondoa, usianike godoro juani ukafikiri umemaliza. Toa kitanda nje, kifungue maungio yake, ukamwagie maji yanayochemka katika kila ufa, maana mayai yake yamo humo. Mablanketi na shuka zivumilivu za moto zifuliwe kwa maji ya moto sana. Fanya hivyo tena baada ya siku chache.

Mnakumbuka mfano wa yule mwanamke aliyepoteza sarafu moja kati ya kumi, katika Injili ya Luka. Angalieni utaratibu wake. Kabla ya kushika ufagio aliwasha taa. Nasi tulianza na mwanga. Tulitoa kila kitu kilichoziba dirisha, tukaosha vioo kwa maji yenye siki kidogo, tukavikausha kwa gazeti la zamani. Kazi hiyo haikufika saa moja, wala haikugharimu zaidi ya siki. Ilipokwisha, tuliona aibu kwa jinsi uchafu wa pembeni ulivyojitokeza.

Halafu tulichukua pembe moja kila siku, wala si nyumba nzima kwa siku moja. Anayetoa vyote nje Jumamosi asubuhi, jioni mvua humkuta, naye huvirudisha ndani vyote mbio mbio. Tulifanya mafungu matatu: la kubaki, la kupewa mtu, na la kutupwa. Kulikuwa pia na fungu la "pengine", ambalo tulilitia katika gunia na kuandika tarehe juu yake. Tuliahidiana kwamba kisichotafutwa katika miezi mitatu kiende zake. Twakiri kwamba gunia lenyewe lilirudi chini ya kitanda, na miezi mitatu ikawa mitano.

Karatasi za mazoezi ya mtihani tulimpa muuza njugu. Vitabu vya hadithi na kamusi tulivibakiza, kwa kuwa kamusi haipitwi na mtaala. Dawa kuu kuu msiwape majirani, hata kama ugonjwa waonekana ni ule ule. Zipelekeni zahanati wawaonyeshe namna ya kuziharibu. Na kama nyumbani kuna mafuta ya taa yaliyotiwa katika chupa ya soda, twawasihi, yaondoeni leo hii. Mtoto huijua ile chupa kwa utamu wake. Yatieni katika chombo kisichofanana na cha kinywaji, kikae juu, mbali na mkono wa mtoto. Akiisha kunywa, asitapishwe, kwa maana mafuta yakiingia mapafuni ndipo huleta hatari kubwa. Apelekwe hospitali mara moja.

Juu ya nguo za kuwapa wengine tuna neno moja. Dorkasi wa Yafa aliwashonea wajane kanzu na mavazi kwa mikono yake. Hakuwaletea matambara. Nguo isiyo na vifungo ipate vifungo kwanza, ifuliwe, ipigwe pasi. Ile isiyofaa hata kwako ni ya kupangusia sakafu, wala usiipeleke stoo ya kanisa ili mtu mwingine aitupe kwa niaba yako.

Nyumba ilipopata nafasi tuliona kuta zilivyokuwa nyeusi kwa moshi. Rangi ya dukani ilitushinda bei, kwa hiyo tulinunua chokaa, ile ya unga iliyokwisha kuzimwa, kama itokayo Koru. Tuliikoroga na maji hata ikawa kama uji mwepesi, tukaiacha usiku kucha. Asubuhi tuliongeza gao la chumvi ili ishike, tukaichuja kwa kitambaa. Kuta zipigwe ufagio, masizi yatoke, kisha zinyunyizwe maji, maana chokaa ikipakwa juu ya ukuta mkavu hubanduka kama unga. Pakeni nyembamba, mngoje siku moja, mpake tena. Msishtuke mkiona haionekani ikiwa mbichi. Huwa nyeupe inapokauka, kwa kuwa huvuta hewa na kurudia ugumu wa jiwe ilikotoka. Haikai juu ya rangi ya mafuta. Tena huunguza: vaeni glavu, watoto wakae mbali, na tone likiingia jichoni lioshwe kwa maji mengi bila kukoma, kisha mkamwone daktari. Baada ya mikono mitatu chumba cha mama kilikuwa na mwanga hata yeye mwenyewe aliutambua, akauliza kama tumetoboa dirisha jingine.

Hapa tungependa kunyamaza, lakini hatuwezi. Katika bidii yetu tuliona koti zito la kijivu, limeliwa na nondo begani, tukalitia katika fungu la kupewa mtu. Lilikuwa la marehemu baba. Mama alikuja nalo katika mfuko wake, na hatukumwuliza. Siku mbili tulimwona akipapasa ukuta nyuma ya mlango, polepole, juu na chini, kisha anakaa. Hakusema neno. Mtoto wetu mdogo ndiye aliyesema, "Nyanya anatafuta koti la guka."

Tulikwenda mbio kwa mzee anayetunza stoo ya kanisa. Mafungu mawili yalikuwa yamekwisha kugawiwa. Tulipekua magunia hata giza likaingia, na koti tulilikuta chini kabisa, katika gunia la mwisho. Hakuna aliyelitaka kwa sababu ya lile tundu la begani. Tulipompa mama alilinusa, akasema, "Mmelifua." Tulimwomba msamaha. Alitusamehe, lakini ile harufu hatukuweza kuirudisha.

Tangu hapo tuna kanuni nyumbani mwetu: kitu hutolewa na mwenyewe, hata akiwa mtoto wa miaka mitano na kitu chenyewe ni gari la waya lisilo na magurudumu. Televisheni ilikwenda kwa fundi aliyeitaka kwa vyuma vyake. Njia ya kwenda msalani ni tupu sasa, nasi tumefunga kamba ukutani ili mama aishike usiku. Koti lipo nyuma ya mlango, kwenye msumari wake, peke yake.

Juma lijalo, Mungu akipenda, tutazungumza juu ya kusiriba sakafu ya udongo isishike vumbi. Kwaherini.