Je, mwenye diploma ya biashara ni mhasibu tayari?

Kila mwaka vijana wa makanisa yetu wanamaliza sekondari katika sehemu ya biashara, na mara nyingi kamati inawakabidhi daftari la feza la parokia. Wazazi wanauliza: mtoto wetu sasa ni mhasibu? Jibu ni: bado. Diploma ya Serikali inafungua mlango tu.

Hatua ya kwanza ni masomo ya juu. Huku mashariki, kijana anaweza kusomea uchumi na usimamizi katika vyuo vikuu vya Kiprotestanti kama ULPGL mjini Goma na UEA mjini Bukavu, ao katika taasisi za juu za biashara (ISC). Akimaliza, anaweza kuajiriwa kuwa mhasibu wa hospitali, shule, shirika ao kampuni.

Lakini cheo cha expert-comptable ni jambo lingine. Sheria nambari 15/002 ya tarehe 12 Februari 2015 iliunda chama cha taifa cha wataalamu hao, ONEC. Anayetaka kuingia anafanya kwanza mafunzo ya kazi chini ya mtaalamu, kisha jina lake linaandikwa katika orodha ya chama. Yeye ndiye anayechunguza hesabu za wengine na kutia sahihi kwamba zinaaminika.

Kanuni za kazi hii zinatoka OHADA, ambayo Kongo iliingia mwaka 2012. Biashara zinafuata SYSCOHADA. Tangu tarehe 1 Januari 2024 kuna pia SYCEBNL, mfumo wa hesabu wa mashirika yasiyotafuta faida, na mashirika ya dini yamo. Basi jambo hili linatuhusu na sisi.

Tuchukue mfano. Siku ya Yehova sadaka ni franka 250.000 na dola 40. Mama mweka hazina anatoa dola 20 kwa safari ya mchungaji, na hakuna aliyetia sahihi. Miezi sita baadaye kamati inahesabu na kukuta upungufu. Mama yule hakuiba hata franka moja, lakini jina lake limeharibika, kwa kuwa hana karatasi ya kumtetea.

Mhasibu aliyefundishwa vizuri anazuia hayo kwa mambo machache:

- Watu wawili wanahesabu sadaka na kutia sahihi siku ileile.
- Anayeshika feza si yule anayeandika vitabu vya hesabu.
- Kila feza inayotoka ina karatasi yenye tarehe, sababu na jina la aliyepokea.
- Vitabu vinaandikwa kwa franka za Kongo. Dola zinageuzwa kwa kiwango cha siku.
- Vitabu na karatasi vinatunzwa kwa miaka 10.

Tangu mabenki ya Goma yalipofunga milango mwanzoni mwa mwaka 2025, feza nyingi zinapita katika simu. Ujumbe wa simu unafutika, na simu inaibiwa. Kwa hiyo nambari ya malipo, tarehe na jina viandikwe katika daftari siku hiyohiyo.

Vijana, kuna jaribu litakalowafikia wote. Siku moja mkubwa fulani, pengine mtu mnayemheshimu sana, atawaomba muandike tarehe isiyo ya kweli ao mtie sahihi kwa feza ambayo hamkuiona. Mkataeni kwa heshima. Masomo yanampa mhasibu ujuzi, lakini sahihi yake ikishapoteza ukweli, haina kazi tena.

Mtume Paulo alipokusanya matoleo kwa ajili ya ndugu wa Yerusalemu, hakuyabeba peke yake. Tito alikuwapo, pamoja na ndugu waliochaguliwa na makanisa, ili mtu asipate sababu ya kumlaumu. Ikiwa Paulo aliona afadhali kusindikizwa, parokia zetu zisiwaache waweka hazina peke yao. Tuwasaidie vijana wanaopenda kazi hii wasome mpaka mwisho.